Nilimhesabia mjukuu wangu makinda ya mwari Ivuna, kompyuta ikasema ndege wanaisha

Wakuu, marahaba.

Najua hamjaniamkia, lakini kwa umri wangu sitasubiri. Nimeambiwa humu mtu anaanza kwa kuuliza habari zenu. Mimi nimezaa, nimezika, nimelea wajukuu. Wa kuulizana habari ni ninyi, mimi mniamkie. Kwa hiyo marahaba, tuendelee.

Ninachoandika ni kweli tupu. Madaftari yapo, ndege wapo, na mimi mwenyewe nipo. Anayebisha apande gari mpaka Ivuna akajionee.

Naandika kwa kidole kimoja na niliishia darasa la nne. Anayetaka kusahihisha herufi akasahihishe za watoto wake.

Haya.

Ilianzia ule mwaka wa kambale.

Watu wa Momba wanaujua. Mvua ilikataa kuacha, ziwa Rukwa likapanda, likatufuata mpaka mashambani. Mahindi yakaoza yamesimama. Kambale wakawa wanaokotwa kwenye matuta kama viazi.

Tukala kambale. Mchana kambale na ugali wa mtama, jioni kambale na ugali uleule, asubuhi kiporo cha kambale. Mgeni akifika mlangoni anavuta pumzi kwanza, akishajua kilichomo jikoni anasema asante, nimeshiba. Binti yangu aliyeolewa Tunduma, mpaka leo ukimtajia kambale anatoka nje kupunga upepo.

Sasa maji yale yalizunguka migunga yote ya ufukweni. Miti ikafa imesimama. Ikabaki mikavu, myeupe, miguu ndani ya maji.

Baada ya hapo mwari wakaja.

Asiyemjua mwari, ni ndege mkubwa, ukimbeba kifuani utadhani umebeba mbuzi mdogo. Mdomo mrefu, na chini ya mdomo ana mfuko wa ngozi. Anazoa samaki na maji, anamwaga maji, anameza samaki. Sura yake mbaya, sitadanganya. Lakini akiruka, utaacha unachofanya umtazame.

Walijenga viota juu ya ile miti mikavu. Kwanza wachache, mwaka uliofuata zaidi, mwaka uliofuata zaidi tena. Harufu yao ukikaa upande wa upepo unalia machozi. Jirani yangu Mama Simbeye, ambaye tunachemsha naye chumvi, alisema: "Hawa wamewafuata kambale. Waache wawamalize, ndio wageni wa kwanza kuja hapa wakatusaidia kazi."

Mimi kazi yangu ni chumvi. Kiangazi tunakwangua udongo wa chumvi, tunauchuja kwa maji, tunachemsha yale maji mpaka yakauke, chumvi inabaki chini ya sufuria nyeupe pe. Wenzangu wanajua chumvi yangu. Wafanyabiashara wa Tunduma wakija wananitafuta mimi, kwa sababu nikipima kopo nahesabu kwa sauti, halafu la mwisho namimina kimya. Wao wanadhani nimewaongezea, wanafurahi. Sijawahi kuwasahihisha.

Kumbukeni hilo kopo. Tutalirudia.



Nina mjukuu wa kike anasoma chuo kikuu. Mambo ya wanyama na ndege.

Jina lake sitaliandika. Mimi namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akimwita mke wake mdogo, na mpaka anafariki alikuwa anampa yeye kipande kizuri cha nyama mbele ya macho yangu. Na yeye ananijibu hivyohivyo, mke mwenzangu. Watu wasiotujua wanashangaa.

Siku moja akafika kwenye chumvi na begi mgongoni. Hajakaa, hajanywa maji, anauliza, "Bibi, wale mwari wana muda gani pale?"

Nikamwambia wana muda kuliko wewe hapo uliposimama. Kaa kwanza.

Akakaa. Akanieleza. Anataka kutengeneza modeli ya wale ndege. Nikamuuliza modeli ndio mdudu gani. Akasema ni hesabu inayokaa ndani ya kompyuta. Unaiambia wazazi wangapi wanamaliza mwaka wakiwa hai, makinda wangapi wanakua mpaka kuruka, kinda anakaa miaka mingapi kabla na yeye hajazaa. Hiyo kompyuta inakupeleka mbele, inakuambia miaka ijayo ndege watakuwa wengi au wataisha.

Nikamwambia hiyo ni kazi ya mganga.

Akasema, "Mganga anaangalia maji, Bibi. Sisi tunaangalia viota."

Alinifurahisha.

Shida yake ilikuwa moja. Chuo kiko mbali, hawezi kukaa Ivuna miezi yote ya makinda. Wenzake wengine wangekuja siku zao kuvalisha mwari pete za miguuni ili kujua wazazi gani wamerudi. Lakini makinda yanataka mtu wa kuyaangalia kila wiki, msimu mzima. Na mimi nakaa kwenye chumvi kiangazi chote, ile miti iko mbele ya macho yangu.

"Bibi, utanihesabia?"

Wakuu, mimi darasa la nne. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu cha chuo kikuu. Nilijibu kabla hajafunga mdomo.

Alipigilia vibati vyenye namba kwenye miti, akanichorea kila mti kwenye daftari na viota vyake. Akanipa darubini. Akanifundisha: saa za asubuhi mzazi akirudi na samaki, makinda yanainua vichwa, yanaingiza vichwa ndani ya mfuko wa mama yao mpaka unadhani wamemezwa. Hapo ndipo unahesabu. Kiota namba fulani, makinda kadhaa. Andika.

Nikaandika misimu mitatu.

Kila Alhamisi, moto wangu ukishashika vizuri, naacha sufuria kwa Mama Simbeye, naenda kwenye kichuguu changu cha ufukweni, na darubini na daftari na penseli. Mama Simbeye alinicheka weee. "Profesa, umesahau koti lako!" "Profesa, chumvi yako inaungua!" Mpita njia akiuliza yule bibi anafanya nini, anajibiwa anaandikisha ndege kura.

Waliniita Profesa wa Mwari. Walidhani wananitukana. Mimi nilikuwa nageuka ninapoitwa.

Nikiri na hili: ukurasa mmoja niliwashia moto siku kuni zilipokuwa mbichi. Nilimwambia mke mwenzangu. Alinuna nusu saa.



Msimu wa tatu ulipokaribia kwisha alichukua data zote akaenda nazo. Nikasubiri sifa zangu.

Akarudi baada ya wiki kadhaa. Nilimwona tangu mbali anavyotembea, nikajua kuna msiba. Nikamuuliza nani. Akasema hakuna aliyekufa, Bibi, ni modeli.

Akafungua laptop juu ya gunia la chumvi. Kulikuwa na mstari. Ulianzia juu ukashuka, ukashuka, kama mtu anayeteremka milima ya Ileje kwenda kwenye mto, hana breki.

"Hii ndiyo idadi ya mwari wako," akasema. "Miaka inavyokwenda, wanapungua. Hapa mwisho, hakuna hata mmoja."

"Wamekwenda wapi?"

"Wamekufa kwa uzee, Bibi. Hakuna watoto wa kuchukua nafasi zao."

Nikamwambia kompyuta yako inaumwa. Mimi naona vijana wa mwari, wale wa rangi ya udongo, wanaogelea pale kila mwaka. Akasema hao tunaowaona inawezekana ni wageni kutoka kwingine. Kwenye madaftari yako, Bibi, viota karibu vyote vina sifuri. Moja moja ni za kutafuta.

Akanieleza kwa mfano wa kuku ili nielewe. "Tuseme una mitetea wanne..."

"Sina wanne."

"Tuseme tu, Bibi."

"Sawa. Tuseme."

"Mitetea wanne, wanataga vizuri, wanaatamia vizuri, lakini kila mwaka vifaranga wote wanakufa. Utabaki na kuku mpaka lini?"

Nikamwambia mpaka wale mitetea wazeeke. Na ukinichinjia mtetea mmoja umenitia hasara ya miaka, kuliko mwewe akinilia vifaranga vya msimu mmoja.

Akanitazama. "Bibi, hicho ulichosema, mimi nilikisoma muhula mzima."

Lakini hakucheka. Akatoa lililokuwa linamuuma.

Supavaiza wake, yaani mwalimu anayemsimamia, ameikataa kazi. Amemwambia hivi: pete zinaonyesha wazazi wanarudi vizuri. Viota vinaongezeka kila mwaka. Halafu makinda hakuna? Hao wanaoongezeka wanatoka wapi? Ama ndege hawa ni wa ajabu duniani, ama data ni mbovu. Ampe jibu ndani ya wiki mbili. Asipokuwa na jibu, misimu mitatu anaitupa, anaanza upya na mtu mwingine wa kuhesabu.

Kuanza upya maana yake hamalizi. Ada ya kuendelea miaka mingine hatuna, hilo sote tulilijua, hakuna aliyelisema.

Halafu akaongeza kwa sauti ndogo: "Aliniuliza, huyo aliyekuhesabia, anajua kuhesabu kweli?"

Wakuu.

Nilisimama. Nilivua aproni. Nikamwambia Mama Simbeye aangalie moto. Mama Simbeye aliniona uso, hakuniita profesa siku ile.

"Beba darubini," nikamwambia mjukuu wangu. "Twende ukaone kama sijui kuhesabu."



Bahati nzuri makinda ya mwisho ya msimu yalikuwa bado viotani.

Tulikaa kwenye kichuguu changu. Tukakubaliana: mimi natazama nasema kwa sauti, yeye anachukua darubini anahakiki kimoja kimoja.

"Mti namba tatu," nikasema. "Kiota cha chini, mmoja."

Nikampa darubini. Akatazama. Akatazama tena.

"Bibi, wako wawili."

"Ndiyo."

"Umesema mmoja."

"Ndiyo."

Akashusha darubini. "Wako wawili au mmoja?"

"Wawili. Wewe huoni?"

Akaongea taratibu, kama mtu anayeongea na mlevi. "Haya. Kiota cha juu yake?"

Nikatazama. Mama alikuwa anatapika samaki, kinda limezamisha kichwa chote. "Sifuri."

Akanyakua darubini. "Bibi! Kuna kinda pale! Limenenepa kuliko mimi!"

"Naliona."

"Mbona unasema sifuri?"

"Kwa sababu liko moja."

Mke mwenzangu aliweka darubini chini taratibu sana. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikadhani jua.

"Bibi," akasema, "niambie pole pole. Unahesabuje?"

Nikamwambia kama wanavyohesabu watu wenye akili. Mimi ni mzaliwa wa Hasamba, kwa mama yangu. Mama alinifundisha hivi: ukihesabu chenye uhai, mtoto, ng'ombe, kuku, wa mwisho humtaji. Unambakiza mdomoni. Ukiwataja wote umewaanika, na kinachoanikwa chote kinaonekana na kila jicho. Mmoja akibaki hajatajwa, anawalinda wenzake. Hata chumvi yangu kopo la mwisho nalimimina kimya, ni mazoea tu.

"Kwa hiyo misimu mitatu," akasema, "kila kiota, umepunguza mmoja?"

"Sijapunguza. Nimembakiza."

"Bibi, mwari anataga mayai mawili! Analea mmoja, akijitahidi sana wawili! Ukimbakiza mmoja kila kiota, umewabakiza WOTE!"

Hapo akaanza kucheka. Halafu akalia. Halafu akacheka huku analia, makamasi, kila kitu. Nikampa khanga yangu.

Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia basi si kazi ngumu, ongeza mmoja kila kiota, yaishe.

"Haiwezekani." Akajifuta. "Viota vingine kweli ni vitupu. Kuna wanaokufa, kuna mayai yaliyoharibika. Sifuri yako inaweza kuwa kinda mmoja na inaweza kuwa hakuna kitu. Sitajua ipi ni ipi. Nikiongeza kote nitakuwa nadanganya upande wa pili."

Akanishika mikono. "Bibi, bado siku kadhaa makinda haya yatoke. Tuhesabu upya haya yaliyobaki, yote, kwa sauti, uniambie kamili. Angalau nipate msimu nusu wa kumwonyesha mwalimu. Taja wote. Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Ningempa figo, wakuu. Nawaambia ukweli. Lakini hilo hapana.

"Wa mwisho simtaji," nikamwambia. "Hata mnipe nini, simtaji."

"Kwa nini, Bibi? Ni ndege tu!"

Nikamwambia, nilishawahi kutaja wote mara moja. Nilikuwa mama kijana, nina majivuno, mgeni kaniuliza nina watoto wangapi, nikawataja kwa vidole mpaka yule wa mgongoni. Yule wa mgongoni hakuona masika. Najua, utaniambia ilikuwa homa. Na mimi najua ilikuwa homa. Lakini mdomo wangu ulishajifunza.

Akasogea akaniegemea.

Tukatazama maji. Mwari mmoja akatua, tawi likayumba, akajifanya hajaona.

Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Ndiyo maana ukiulizwa una wajukuu wangapi unasema saba?"

"Ndiyo."

"Tuko wanane, Bibi. Wa nane ni mimi." Akaniachia mikono. "Tangu mdogo nilikuwa nasikia unasema saba. Nilidhani hunihesabu."

Mungu wangu. Miaka yote hiyo huyu mtoto alikuwa ananilia nyama, ananiita mke mwenzangu, na moyoni ana hilo.

Nikamvuta masikio yote mawili kama alipokuwa mdogo. Nikamwambia sikiliza wewe mjinga wa chuo kikuu. Wa kwanza mpaka wa saba nimewaacha wajilinde wenyewe. Wewe ndiye niliyembakiza mdomoni.

Tulikaa hapo mpaka Mama Simbeye akapiga kelele kwamba sufuria inaungua, na kweli ilikuwa inaungua.



Sasa sikilizeni.

Tunarudi, anaburuza miguu, anasema basi, atamwandikia barua mwalimu, atakubali kwamba sifuri hazina maana. Anafungua begi, anatoa madaftari yangu anipe kama kumbukumbu.

Nikafungua moja. Nikamwambia, lakini mbona unasema hujui ipi ni ipi? Imeandikwa.

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Kiota kitupu nimepiga mstari. Kistari kifupi, cha kulala. Kiota chenye mmoja, nimechora duara. Hivi ni vitu viwili. Mstari, nyumba haina mtu. Duara, mwenyewe yumo ila simtaji. Ningewezaje kuandika vitu viwili kwa alama moja? Mimi si mpumbavu.

Akachukua daftari akaliweka karibu na uso mpaka nikadhani anataka kulibusu.

Kumbe yeye alipokuwa anaingiza kwenye laptop, mstari aliuandika sifuri, na duara aliliandika sifuri. Alidhani bibi yake siku nyingine anachoka kuchora duara anapiga mstari.

"Bibi," akasema, "mimi ndiye niliyeharibu."

Nikamwambia tumeharibu wote, lakini wewe uliharibu kwa kusoma.

Alasiri ile tulikaa kibandani, moshi wa chumvi umejaa, yeye anabonyeza, mimi nasoma. Mstari. Duara. Moja. Duara. Duara. Mstari. Mama Simbeye akaja na maboga ya kuchemsha akakaa kusikiliza, mwishowe na yeye akawa anapokezana nami kusoma: "Duara! Duara tena! Huyo mstari, maskini." Ule ukurasa niliowashia moto uliacha pengo, mke mwenzangu akalijaza kwa neno la kizungu linalomaanisha hatujui. Nililipenda. Kompyuta inayokubali kusema haijui, hiyo naiheshimu.

Akamaliza. Akaweka: duara ni mmoja, moja ni wawili, mstari ni mstari. Akabonyeza.

Ule mstari uliokuwa unateremka mlima ukainuka. Haukuruka juu kama moto. Ulipanda pole pole, halafu ukalala tambarare, kama njia ya bonde la Momba.

"Hawaishi," akasema. "Bibi, hawaishi."

Mama Simbeye akapiga vigelegele. Hakuelewa chochote, lakini kigelegele hakihitaji kuelewa.

Kuna kitu kimoja modeli ile ilisema sikukipenda. Niliuliza mbona mstari unalala, kwa nini haupandi zaidi. Akasema miti. Ndege watakuwa wengi kiasi cha miti iliyopo, na ile miti mikavu inaoza, na inakatwa. Akanitazama. Mimi nikatazama moto wangu. Mnadhani ilikuwa kuni za mti gani?

Tangu siku ile siichomi. Natembea mbali zaidi kutafuta kuni, magoti yananisema, lakini siichomi. Na Mama Simbeye hachomi, ingawa yeye ilibidi nimtishe.



Alisimama mbele ya walimu wake akaeleza yote. Duara, mstari, mimi, Hasamba, kopo la chumvi. Alisema walicheka, halafu wakaacha kucheka wakaanza kuandika. Akapita.

Msimu uliofuata yule supavaiza akaja mwenyewe Ivuna. Mtu wa makamo, viatu vizuri, ambavyo chumvi ilivila siku hiyohiyo. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Lakini alipofika alivua kofia, akasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba msamaha, niliuliza kama unajua kuhesabu."

Maneno yangu yote yakaisha. Ikabidi nimpe kambale wa kukaanga.

Baada ya kula akaanza kunibembeleza. Wanataka niendelee kuhesabu, miaka na miaka. Jina langu litaandikwa kwenye kitabu chao. Watanipa darubini mpya, na koti la mvua. Ila anaomba kitu kimoja kidogo tu, nitaje idadi kamili, kuwarahisishia kazi.

Mke mwenzangu alikuwa amekaa pembeni yake. Akainamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alishajua.

"Wa mwisho simtaji," nikamwambia yule mwalimu. "Hata mnipe nini, simtaji."

Akanitazama, akamtazama mjukuu wangu, akasema, basi, mama, tutaongeza wenyewe.

Na wanaongeza. Ndani ya ile modeli kuna sehemu inayoongeza mmoja penye duara na penye namba, na kwenye mstari haigusi. Wameipa jina. Inaitwa Bibi. Koti la mvua nililipata vilevile.



Sasa funzo, maana najua humu mnapenda funzo.

Ukimpa mtu kazi, muulize anaifanyaje kabla hujachukua majibu yake. Na wewe unayepewa kazi, usidhani kila mtu amefundishwa na mama yako. Mimi misimu mitatu nilidhani dunia nzima inajua duara ni nini.

La pili, mwenye bibi hai akamuulize leo jambo linalomuuma tangu utoto. Huenda alikuwa amembakiza mdomoni.

Karibuni mseme yenu. Hasa nataka kujua kwenu mnahesabuje watoto na mifugo, maana mke mwenzangu anasema huenda kuna data nyingi nchi hii zimekaa vibaya.



NYONGEZA: Nimeona maswali. Wa Mbozi aliyesema kwao wanafanya hivyohivyo kwa ng'ombe, asante, nilidhani nimebaki peke yangu.

Aliyeuliza kama mitetea wangu ni wanne kweli: nenda kalale.

Na huyu kijana wa mwisho, anayeuliza huyo mjukuu msomi anaitwa nani, na wajukuu wangu ni wangapi kwa jumla. Nimekuona. Wajukuu wangu ni saba, wote wazima, wote wana adabu kukuzidi.

Wa mwisho simtaji. Hata mnipe nini, simtaji.